Mafundi fremu wa Arusha, nani kawaruhusu kugandisha michoro ya watu kwa gundi ya mbao?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi nachora kwa rangi za maji. Juzi nilipeleka mchoro kwenye duka moja la fremu hapa mjini, jina nalihifadhi. Ni Mlima Meru ukiutazama kutokea Ngaramtoni, na mteja wa Moshi keshaulipia. Nikamwelekeza fundi kwa mdomo, nikamwandikia na nyuma ya risiti: usibandike, ning'iniza kwa bawaba mbili za karatasi (vipande vidogo vinavyoushikiza mchoro kwenye kadi ya nyuma), upande wa juu tu. Karatasi ya bawaba nikamwachia, ile nyembamba ya Kijapani ya nyuzi za mforosadi, pamoja na uji wa wanga wa ngano nilioupika mwenyewe. Yaani kilichobaki ni mikono yake tu.

Nafika kuchukua, nakuta kapaka gundi nyeupe ya mbao mgongo mzima na kuugandisha kwenye hadibodi. Kioo kimelalia rangi moja kwa moja. Na kwa kuwa fremu aliikata ndogo, bwana huyu akachukua kisu akapunguza mchoro! Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kaikata chini kama anapunguza zulia. Chini ndipo ilipo sahihi yangu. Imebaki nusu, na jina lililobaki silijui ni la nani.

Namuuliza, ananijibu kwa kujisifu: "Bosi, hiyo haibanduki milele."

Jamani, kutobanduka ndio ubovu wenyewe! Karatasi hunywa unyevu wa hewani ikatanuka, hewa ikikauka inarudi. Ikishikwa juu tu, inatanuka inavyotaka na hakuna kinachoharibika. Ukiibana pande zote, masika ya Machi hadi Mei yakiingia inavimba matuta kwa sababu haina pa kwenda. Uji wa wanga ukiulowanisha kidogo unaachia hata baada ya miaka mingi. Gundi ya mbao ikishakauka ndiyo basi, ukilazimisha unang'oa na mchoro. Tena bawaba inatakiwa iwe dhaifu kuliko mchoro wenyewe, ili fremu ikidondoka ukutani ichanike bawaba, mchoro upone. Mafundi wetu akili yao yote ni kukaza.

Wa selotepu nao wapo, sitawamaliza leo. Gundi yake inaingia ndani ya karatasi, inageuka njano kisha kahawia, na doa lile halitoki kirahisi. Kadibodi za maboksi wanazoweka mgongoni nazo zina asidi, zinaunguza karatasi polepole.

Mwenye duka kanijibu nini? Eti wateja wake hawajawahi kulalamika, na mimi atanipa kioo kingine bure. Watalalamika vipi? Mtalii ananunua, anapanda ndege, mchoro unageuka kahawia ukiwa sebuleni kwake Ujerumani. Atarudi Arusha kudai?

NYONGEZA: Naona wengi mnasema "si ungefanya mwenyewe". Mkuu, mashine ya kukatia mbao kwa pembe sina, ndiyo maana nikaenda kwa fundi. Bawaba nazijua. Unachana vipande kwa mkono, si kwa mkasi, maana ukingo wa mkasi unaacha alama kwenye mchoro. Uji unapaka kama nusu sentimita tu nyuma ya ukingo wa juu. Kipande cha pili kinalala juu ya cha kwanza kwa kukatiza, ndicho kinachoshika kadi ya nyuma. Unaweka karatasi ya kunyonya maji, na kitabu kizito juu yake, unaacha ikauke. Mbele inakuja kadi yenye dirisha ili kioo kisiguse rangi. Hakuna hatua hapo inayomshinda mtu anayeunga mbao kila siku.

Kwa hiyo natafuta fundi, Arusha au Moshi, atakayeniuzia mbao zilizoungwa na kioo chake, basi. Mgongo nafunga mwenyewe nyumbani. Mwenye namba aje inboksi.

Na wewe mwenye duka, kama unasoma hapa: Jumatatu nakuja kufuata fedha ya mchoro mzima, siyo ya fremu. Kioo chako cha bure baki nacho.