Ushauri: Shamba liko chini ya mwalo wa zamani wa dhahabu, je, bayocha itaponya udongo?

MamaKulwa
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa udongo.

Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia ekari moja na nusu huku Geita. Upande wa juu kulikuwa na karasha na mwalo kwa miaka mingi: mawe yanasagwa, unga unaoshwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Mwalo umefungwa lakini lundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, bado lipo. Mvua kubwa ikinyesha, tope la kijivu linashuka mpaka kwenye bustani yangu na jaruba la chini.

Bustanini nina mchicha, chainizi na nyanya. Pale tope lilipotulia, mchicha unatoka mfupi na wa njano. Tunaula nyumbani na mwingine nauza gulioni. Sasa kuna kijana anauza bayocha, mkaa wa mabaki ya mimea, anasema nikichanganya na udongo itafyonza sumu yote ndani ya msimu mmoja. Ni kweli? Nina pacha wa miaka mitatu wanashinda nami pale wakichezea udongo. Naogopa kwa ajili yao, na sitaki kuuzia watu sumu.

Mkulima_Kahama
Pole dada. Bayocha ni nzuri, mimi natumia ya pumba za mpunga mwaka wa tatu huu, udongo unashika maji na mahindi hayanyauki upesi. Nunua tu.

Udongo_Moro
Mkuu Mkulima, shamba lako halina marudio. Hili ni jambo jingine.

Dada MamaKulwa, pole sana kwa msiba. Huyo kijana anakudanganya. Bayocha haiondoi metali. Madini ya risasi yaliyomo leo yatakuwemo hata miaka kumi ijayo. Mabaki ya mimea yakichomwa kwa hewa kidogo yanaacha mkaa wenye vitundu vingi mno, na majivu yake yana tabia ya chokaa. Uchachu wa udongo unapungua, yaani pH inapanda, kisha metali kama risasi, kadimi na shaba zinanata kwenye mkaa au zinageuka chumvi zisizoyeyuka kirahisi, mizizi inazipata kidogo. Ni mbwa mkali aliyefungwa, bado yumo uani. Mtoto akila ule udongo, hatari ipo.

Kinachonitia hofu zaidi ni sumu nyingine, aseniki. Mawe ya dhahabu mara nyingi huja nayo, na tabia yake ni kinyume cha risasi: pH ikipanda inaweza kuachia udongo na kuingia kwenye maji. Bayocha ileile inayotuliza risasi inaweza kuamsha aseniki. Kwa hiyo nakuomba usimwage hata gunia moja kabla ya kupima.

Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kupinda pinda, kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo. Bustani peke yake, jaruba peke yake, shamba la juu peke yake, na sehemu moja ambayo tope halijafika ili upate cha kulinganisha. Omba pH, risasi, aseniki, kadimi na zebaki. Ulizia Taasisi ya Jiolojia Dodoma, maabara ya udongo ya chuo cha kilimo SUA, Morogoro, au Mkemia Mkuu wa Serikali ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Piga simu kwanza ujue nani anapima kipi na kwa bei gani.

Mchenjuaji_Mstaafu
Dada, nimefanya kazi mwaloni miaka kumi na moja, nakwambia kwa uchungu: anza na lile lundo. Ukiweka bayocha chini wakati tope linaendelea kushuka, unajaza maji kwenye pakacha. Chimba mtaro wa kukinga juu ya shamba, weka tuta, panda nyasi za vetiva.

Wakija watu wanaotoa dhahabu kwa kemikali ya sayanaidi kutaka kununua marudio, mjulishe afisa mazingira wa halmashauri. Kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo hayajatolewa zebaki ni moja ya mambo ambayo Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka yakomeshwe, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Na hao pacha watoe hapo leo. Zamfara kule Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa kwenye mawe ya dhahabu, vumbi la kusaga majumbani. Wapeleke hospitali, mweleze daktari wanapochezea, uulize kipimo cha risasi kwenye damu.

MamaKulwa
Nimetetemeka kusoma. Je, mazao yote ni mabaya? Na mpunga wa jaruba?

Udongo_Moro
Mboga za majani ndizo za kuacha kwanza, zinabeba kadimi, na vumbi lenye risasi linashika kwenye majani. Mazao ya mizizi nayo yanatoka na udongo. Nyanya na bamia kwa kawaida hubeba kidogo zaidi, ila subiri majibu. Mchicha utakaong'oa usiwape mbuzi wala usitie kwenye mboji.

Jaruba ni zito zaidi. Maji yakituama, bakteria wanageuza zebaki kuwa zebaki-methili, aina yenye sumu kali zaidi, nayo inaingia kwenye punje. Aseniki pia huachia kwenye tope lisilo na hewa. Mpunga huo usiuze wala msile kabla ya vipimo.

Ikionekana shida ni risasi na kadimi, na aseniki ni ndogo, hapo bayocha ina kazi. Anza na mita 10 kwa 10. Asilimia 2 ya udongo wa juu ni kama kilo 400. Ekari nzima ingetaka tani 16, hutaziweza.

BiTatu_Igunga
Kilo 400 unachoma mwenyewe, mwanangu, usinunue kwa huyo kijana. Toboa debe matundu, simamisha bomba la moshi juu yake, washa moto ndani, zungushia pumba za mashineni. Zinaungua taratibu kutoka katikati. Zikiwa nyeusi zote, kabla hazijawa majivu, mwagia maji mengi. Kisha changanya na samadi, acha wiki mbili, la sivyo mkaa unanyang'anya mimea naitrojeni. Pumba zitoke kwenye mashamba safi: metali haiungui, inabaki kwenye mkaa.

MamaKulwa
Shikamoo Bi Tatu, asante. Asanteni wote.

Mchicha nimeung'oa asubuhi, gulioni kesho siendi. Pacha nimewapeleka kwa bibi yao, Jumatatu tunaenda hospitali. Kaka zangu wanaanza mtaro Jumamosi. Sampuli tatu nimeshatoa, nilitaka kuzianika. Ya jaruba bado, jaruba lina maji, nisubiri likauke?

Udongo_Moro
Usianike hata moja dada, zebaki inapotea hewani na majibu yatadanganya. Chota tope hivyohivyo, jaza mfuko, toa hewa, funga mara mbili, weka kwenye ubaridi. Andika juu "inapimwa zebaki" kwa kalamu isiyofutika.