Ukoo wa Bibi Hombolo

JUMAMOSI

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Mimi na mama tumefika Montefalco, hapa hapa Italia, salama. Ni saa moja hivi kutoka kwangu Perugia. [picha]

Mjomba Elia: Marahaba mwanangu. Hiyo mistari huko chini ni mizabibu?

Tumaini: Mizabibu na mizeituni, mjomba. Mji uko juu ya kilima, mashamba yameuzunguka pande zote. Wanavuna wiki hii. Hapa Sagrantino, zabibu yao ya mvinyo, inachelewa, mpaka Oktoba.

Mjomba Elia: Piga picha kwa karibu. Wamefunga waya ngapi? Na wamepogoa urefu gani? Picha za makanisa ntaona baadaye.

Mama Mdogo Dar: Elia, dada yako yuko kwenye hija, hajaenda maonyesho ya Nanenane 😂

Tumaini: Mjomba, angalia hapa. Kila mwanzo wa mstari kuna mti wa waridi. [picha] Mwenye shamba anasema waridi linaugua ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kabla ya mzabibu, kwa hiyo likianza kupauka yeye anawahi na salfa. Mbele kidogo, kwenye njia panda, kuna kijumba cha mawe cha Bikira Maria, na mtu ameweka maua mabichi kwenye chupa ya maji. Hivi vijumba viko kila kona ya barabara.

Mjomba Elia: Hiyo ya waridi nimeipenda. Ukakasi wa huo mvinyo vipi?

Mama Tumaini: Elia usinikumbushe. Nimeonja kidogo tu, mdomo ukakauka kama nimekula bibo. Nikaomba maji. Yule mama wa nyumbani akacheka, akanletea ule mtamu na biskuti ngumu za lozi. Unachovya, unakula. Huo sasa nimeuelewa.

Tumaini: Mtamu wanauita passito. Zabibu wanazitandaza kwenye chanja miezi miwili na zaidi, zinasinyaa, ndiyo wanakamua. Mzee wa nyumba anasema zamani Sagrantino yote ilikuwa hiyo tamu, ya Pasaka na mwanakondoo. Huu mkavu umeshika kuanzia miaka ya 1970. Tena sheria inawataka waukalishe miezi 37 kabla ya kuuza.

Mjomba Elia: MIEZI 37?? Sisi mchuzi wa zabibu, hii juisi ya kutengenezea mvinyo, ukikaa miezi mitatu bila mnunuzi familia nzima inaanza novena.

Baraka: Na aliyenunua hajalipa 😅

Mjomba Elia: Baraka.

Baraka: Samahani baba.

Tumaini: Mjomba, nimemwambia mzee kwamba Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka. Alidhani namtania. Akamwita mwanawe aje asikie. Kisha akauliza: mizabibu inapumzika lini?

Mjomba Elia: Mwambie inapumzika tukiisahau. Hapana, mwambie hatuna baridi ya kuilaza, tunailaza kwa kupogoa. Ukipogoa ndiyo unaamua ianze lini. Na uniletee pingili mbili tatu za hiyo Sagrantino, zifunge kwenye gazeti bichi.

Mama Tumaini: Nishikwe uwanja wa ndege na vijiti, umri huu?

Tumaini: Haiwezekani mjomba, mimea inataka cheti cha afya. Ugonjwa mmoja ukiingia Hombolo utalaumiwa wewe.

Baraka: Bibi anauliza, mmefika kwa Mtakatifu Klara?

Mama Tumaini: Mwambie mama huyu wa hapa ni Klara mwingine. Wa Assisi ni yule wa Fransisko. Huyu ni Klara wa Montefalco, alifariki mwaka 1308. Alikuwa akisema anao msalaba wa Kristo moyoni. Alipofariki masista wenzake wakaupasua moyo, wakakuta umbo la msalaba ndani. Tumeingia kanisani kwake. Mwili wake upo hapo, ukiwa na vazi lake la kitawa. Nilikaa kimya muda mrefu, Tumaini akadhani nimesinzia.

Tumaini: Ulisinzia mama.

Mama Tumaini: Nilikuwa nasali. Baraka, mwambie bibi nimempatia rozari ya mbegu. Kwenye bustani ya masista kuna mti wanaosema umetokana na fimbo aliyoachiwa Klara na Yesu, na mbegu zake wanatungia rozari. Nilivyouona majani nikasema huu ni mwarobaini!

Mjomba Elia: Picha.

Tumaini: [picha]

Mjomba Elia: Si mwarobaini, ni ndugu yake. Hiyo ni melia, ipo hata pale shuleni. Mbegu yake ina tundu katikati lenyewe, ndiyo maana inatungika.

Mama Mdogo Dar: Kwa hiyo bibi anatumiwa kutoka Italia mbegu za mti ulio pale shuleni Hombolo 😂😂

Baraka: Bibi kasikia. Anasema za shuleni hazijabarikiwa.

JUMAPILI

Tumaini: Tumeamkia Cascia. Njia ni kona tupu, mto chini na miamba juu. Mama kasali safari nzima, si kwa ibada, kwa uendeshaji wangu.

Mama Tumaini: Tumeshasali misa kwa Mtakatifu Rita. Elia, ukae vizuri sasa. Hii ni ya kwako.

Mjomba Elia: Nimekaa.

Mama Tumaini: Ndani ya monasteri, uani, kuna mzabibu. Mkuu wa masista alimjaribu utii Rita, akampa kijiti kikavu akimwagilie maji kila siku. Akamwagilia, bila kuuliza. Kijiti kikachipua. Mzabibu unaouona leo si ule ule wa zamani, umepandwa baadaye pale pale, lakini umezaa na umetanda juu ya ukuta kama kivuli cha baraza. Majani ndiyo yanaanza njano. [picha]

Mjomba Elia: Dada, kijiti kikavu kabisa hakichipui. Hicho kilikuwa na jicho hai hawakuliona. Mimi nimeshatupa pingili kama hizo, baada ya mvua nikazikuta zimeota jalalani.

Baraka: Bibi anasema: "Basi na deni lako lina jicho hai."

Mama Mdogo Dar: Bibi hana mpinzani.

Tumaini: Ndiyo huyu huyu Rita wa mambo yaliyoshindikana. Watu wanaacha karatasi za maombi. Mama kaandika ukurasa mzima kwa Kiswahili, nikamuuliza nani atasoma, akasema anayehusika anajua lugha zote.

Mjomba Elia: Umeandika nini?

Mama Tumaini: Alichonituma mama. Kwamba yule mnunuzi aliyebeba mchuzi wako msimu ule na kuzima simu, awashe simu. Basi. Sikumwombea mabaya.

Mjomba Elia: Mnampelekea mtakatifu mambo ya madeni. Aibu.

Mama Mdogo Dar: Watu wanampelekea ndoa, atashindwa na mapipa?

Tumaini: Tunaanza kurudi jamani, mtandao huku milimani unakatika. Chupa ya passito ya bibi ipo, nimeifunga kwenye kanga mbili.

Baraka: Bibi anauliza inaruhusiwa na dawa za presha?

Mama Tumaini: Kijiko kimoja. Krismasi.

Baraka: Anasema kijiko kipi.

Mjomba Elia: Dada, bado una mtandao?

Mama Tumaini: Upo kidogo. Nini?

Mjomba Elia: Kwenye ile karatasi, uliandika deni la msimu ule tu, au na la mwaka juzi?