Vipindi vya uhalisia darasani: Lions' Den, Shamba Shape Up au mashindano ya kuimba?

Hesabu_Moro: Habari zenu walimu. Nafundisha Hisabati kidato cha pili, na asilimia inawapiga chenga wanafunzi wangu kila mwaka. Muhula ujao nataka kutumia vipande vya vipindi wanavyovipenda nyumbani. Projekta ya shule tunaigombania, kwa hiyo nachagua kimoja tu: KCB Lions' Den ya Kenya (wajasiriamali wanaomba mtaji kwa wawekezaji), Shamba Shape Up ya wakulima, au mashindano ya kuimba. Kipi kiliwafanya wanafunzi wenu wafanye kazi, si kukodoa macho tu?

BiBiashara: Mwalimu, Lions' Den, usisite. Nafundisha Biashara huku Mombasa. Nilionyesha dakika nne, mjasiriamali akataja pesa anazoomba na hisa anazotoa, yaani sehemu ya biashara yake, nikasimamisha hapo. Nikaandika ubaoni mfano wangu: anaomba shilingi milioni 2 kwa asilimia 20, je, biashara nzima ameithamini shilingi ngapi? Wengi wakakimbilia laki 4. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Hapana, hizo milioni 2 ndizo zenyewe asilimia 20." Akaja mbele, akachora mstatili, akaukata vipande vitano, kila kimoja akaandika 2. Milioni 10! Nikawaongezea: simba mmoja, yaani mwekezaji, anataka asilimia 40 kwa pesa zilezile. Thamani ikaporomoka hadi milioni 5, wakaanza kubishana kama akubali au akatae. Kengele ililia bado wanabishana.

Wapenda jiografia pia wana lao: kipindi hiki kilizaliwa Japani mwaka 2001, wawekezaji wakiitwa chui milia. Uingereza wakawa majoka, Marekani papa, Kenya simba.

MwlKijijini: Nakubali kwa watoto wa mjini, dada. Ila wangu ni watoto wa wakulima, neno "hisa" hawajawahi kulisikia nyumbani. Shamba Shape Up ipo kwa Kiswahili tangu 2012, na wanachokiona ni mkulima mdogo kama baba yao, wataalamu wanamfuata kwake kumrekebishia shamba. Mbali na kutazama kidogo, tulitoka nje na futi kamba. Nyuma ya jiko la shule kuna kiwanja cha mita 15 kwa 9. Mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, shimo moja mche mmoja, yanaingia mangapi? Jibu 600. Tulipohesabu mashina yaliyokuwepo tukapata machache mno, na wao wenyewe wakauliza ni asilimia ngapi imepotea. Sikuwa nimepanga swali hilo.

Mshairi_TZ: Mashindano ya kuimba yaache kwa somo la Kiswahili, mkuu. Yanafaa sana kwa uhakiki: jaji kasema nini, ametoa sababu gani. Hisabati yake ni kura tu, na hazitoshi vipindi viwili vya somo. Halafu chagua vipande kwa uangalifu, maana wanafunzi huiga dhihaka za majaji upesi, na mtoto mwenye aibu huumia kweli.

Hesabu_Moro: Asanteni sana. Nusu ya darasa langu wanatoka mashambani, nusu wazazi wao wana vibanda sokoni. Naanza na Shamba Shape Up, kisha ule mstatili wa binti wa Mombasa nitaurudia kwa hesabu za kibanda. MwlKijijini, kiwanja mlipima kabla ya kutazama au baada? Fundi jirani ameshanikopesha futi kamba.

MwlKijijini: Kabla. Wakitazama wawe tayari na namba zao mkononi.