Wageni wa Gombe kesho alfajiri, nimekwama. Naomba ushauri wa haraka

Mwana Kibirizi:
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kupeleka wageni hifadhi ya Gombe kutazama sokwe, niko Kigoma mjini. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nina Wafaransa wawili, boti ya pale Kibirizi nimeshaikodi. Wametua leo saa nane mchana, keshokutwa wanaondoka. Sasa mvua za Novemba hizi, na katika safari mmoja hajisikii vizuri. Niahirishe au twende tu?

Mgebuka Mkavu:
Wahi kabla ziwa halijachafuka. Na usibebe chapati! Mwaka juzi nimeshuka Kasekela, pale boti zinaposhushia wageni wa Gombe, nimekaa mchangani nafungua mfuko wangu, dume la nyani likaja polepole kama mkaguzi wa hesabu. Likabeba zote nne, likazila limenipa mgongo. Nikabaki na chupa ya chai.

Mama Mawese:
Usiahirishe baba, msimu ndio huu. Mvua za kwanza zikilainisha vichuguu sokwe wanavua mchwa. Nilimwona jike mmoja akichuma kijiti, akakipukuchua majani kwa midomo, akakichomeka kwenye tundu, akakitoa taratibu mchwa wameng'ang'ania. Akawalamba kama mtoto alambaye mwiko. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, aliliona jambo hilo hilo hapo Gombe mwaka 1960, enzi ambazo wataalamu waliamini zana ni za binadamu peke yake. Ila huyo hajisikii vizuri nini, tumbo?

Mwana Kibirizi:
Mafua tu mama. Na kikohozi kidogo.

Katubuka Kwetu:
"Mafua tu"! Yetu ya siku tatu kwa sokwe yanageuka nimonia. Gombe wameshazikwa sokwe kwa magonjwa ya kifua, si mara moja. Na 1966 ilipita polio, wengine wakapooza mikono, wakawa wanajiburuza. Zile mita 10 za kukaa mbali nao na saa moja ya kuwatazama hazikuwekwa kwa urembo. Anayekohoa hapandi mlimani, basi.

Mwana Kibirizi:
Mita 10 nazijua mkuu, nimezihubiri hadi ulimi umechoka. Lakini dawa ameshameza, barakoa mpya zipo, na hicho kikohozi ni cha tangu Jumapili, kimepungua, kinasumbua usiku tu. Hela ya awali imeshatumika. Mnataka nifanyeje?

Mzee wa Ujiji:
Vijana mnaendekeza hela. Sisi enzi zetu mtu akiugua analala.

Dagaa Mbichi:
Mzee enzi zenu mlilala kwa sababu hamkuwa na pa kwenda 😂

Fundi Tochi:
Ngojeni kwanza, hii chai. Wageni wametua leo saa nane. Kikohozi cha tangu Jumapili umekisikilizia wapi, Paris? Na cha usiku umekijuaje, mnalala chumba kimoja? Tunapigwa kamba hapa.

Dagaa Mbichi:
Chai ya tangawizi kabisa. Mleta uzi jitokeze.

Mgebuka Mkavu:
Na mimi nimeshatoa hadithi yangu ya chapati bure!

Mwana Kibirizi:
Sio chai. Mwenye kikohozi ni mimi. Wageni wazima. Hela ya awali nimenunulia bati, zimeshapigwa juu ya nyumba, siwezi kuzing'oa. Nisipokwenda nakosa iliyobaki na bakshishi. Nilifikiri nikikaa nyuma ya kundi nikavaa barakoa mbili...

Mama Mawese:
Pole mwanangu. Ungesema tangu mwanzo.

Katubuka Kwetu:
Nyuma ya kundi njia ni hiyo hiyo, na sokwe wanapita popote. Wewe mbona unajitesa? Msituni wanaongozwa na mwongozaji wa hifadhi hata ukiwepo. Tafuta mtu wa kuwapokea kwenye boti na kuwashusha Kasekela, mgawane.

Mwana Kibirizi:
Mdogo wangu yupo, ila Kifaransa chake kinaishia bonjour. Wale Kiingereza hawakitaki.

Dagaa Mbichi:
Niko Mwanga hapa. Nimekulia Bujumbura, Kifaransa ninacho cha kutosha na sikohoi. Nusu kwa nusu?

Mwana Kibirizi:
Theluthi. Bati bado nadaiwa misumari.

Dagaa Mbichi:
Haya, theluthi na nauli ya bodaboda. Saa kumi na moja na nusu niko Kibirizi.

Mgebuka Mkavu:
Chapati acha nyumbani.