Maua ya zambarau yamejaa bwawa langu la samaki, niyafanyeje?

MamaPerege
Wakuu, habari za jioni. Niko wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Amani. Nina bwawa la kuchimba, nafuga perege. Mwezi wa tatu jirani alinipa miche minne ya ua la majini, akasema litapendezesha na samaki watapata kivuli. Kweli lilipendeza. Sasa ni Agosti na nusu ya bwawa sioni maji. Alfajiri samaki wanakuja juu midomo wazi, juzi nimeokota kumi na mmoja wamekufa. Jani lake ni la duara, linang'aa. Kikonyo kimevimba kama kitunguu, ukikibonyeza ni hewa tupu. Mizizi ni myeusi, imechambuka kama manyoya. Maji ya ziada yanatokea kwenye bomba hadi kijito kinachoingia mto Sigi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Niyatoe vipi?

Kijana wa Chumbageni
Pole dada. Hayo ni magugu maji. Yakatekate kwa panga, tupa pembeni.

Babu Pongwe
Hapana, mwanangu, panga weka chini. Ukivuta mche mmoja taratibu utaona kikamba chembamba kimeushika na mtoto wake, na mtoto naye ana wake. Ukikata, kila kipande chenye kichipukizi kinaanza maisha yake.

Nimevua Mwanza miaka ya tisini. Kuna asubuhi tuliamka mwalo mzima umefunikwa kijani, upepo umeyasukuma usiku. Tulisukuma mtumbwi kwa pondo tangu alfajiri hadi jua la utosini na bado hatujafika maji ya wazi. Nyavu zilizokuwa ndani hatukuziona tena. Yakioza chini yanakula hewa ya maji, ndiyo maana samaki wako wanahema.

Watu husema ni balaa la Ziwa Victoria. Asili yake ni bonde la Amazon, lakini hapa Tanzania yalianza kuonekana kwetu Tanga, kwenye huo huo Sigi, mwaka 1955, na 1959 yakaonekana mto Pangani. Ziwa Victoria ni mwishoni mwa miaka ya 1980. Kule waliletewa wadudu wadogo, jamii ya fukusi, wanaokula gugu hilo: Uganda 1995, sisi na Kenya 1997. Walisaidia sana, ila hawakulimaliza. Kwa bwawa lako wadudu hawahitajiki, mikono inatosha.

Kwanza funga mdomo wa bomba kwa wavu wa matundu madogo, leo hii kabla hujagusa kitu. Kisha ng'oa mche mzima na mizizi yake, anza ukingoni. Anika juu, mbali na maji, mvua isiweze kuyakokota. Yakikauka kabisa choma. Usimgawie mtu. Halafu uwe unapita kila wiki, kwa miaka, maana mbegu zinalala kwenye tope miaka mingi na kuota maji yakipungua. Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji ya kunywa ya mji wa Tanga. Wajukuu zangu wanayanywa.

Shamba Korogwe
Nyongeza kwenye wavu wa babu: perege wako ni wa asili au ni sato wa kununua? Sato akitoroka anazaana na perege wetu wa mtoni, na baada ya vizazi vichache huwapati tena wale wa asili. Kuna perege ambaye hata jina lake la kitaalamu ni korogwe. Nisingependa abaki jina tu.

MamaPerege
Shikamoo babu, asante sana. Wavu nimeufunga jana jioni kwa tochi. Leo tumeng'oa watu watatu, tumefika robo, rundo linanifika kifuani. Vifaranga niliuziwa kama perege, sikuuliza zaidi. Nitampelekea bwana samaki wa wilaya wawili awaangalie. Na nimekwenda kwa jirani. Kumbe miche hiyo ameshawapa watu wengine wawili, mmoja bwawa lake liko kando kabisa ya mto. Kesho tunakwenda huko pamoja.

Babu Pongwe
Marahaba. Nendeni asubuhi, na wavu mwingine mkononi.