Hivi kwanini Wayahudi wa Ujerumani hawakukimbia mapema?

Mchunguzi wa Makorora
Habari zenu wakuu. Jana usiku nilikuwa naangalia dokumentari ya vita vya pili vya dunia, ikafika pale Hitler anashika nchi Januari 1933, miezi michache tu maduka ya Wayahudi yanagomewa, wanafukuzwa kazi serikalini, mwaka 1935 zinatungwa zile sheria za Nuremberg kwamba Myahudi sio raia tena na haruhusiwi kuoana na Mjerumani. Sasa mauaji yenyewe ya halaiki yanaanza 1941. Hapo katikati kuna miaka nane! Mtu anakwambia hakutaki miaka nane nzima, si unakusanya virago unasepa? Na tunaambiwa walikuwa wasomi, madaktari, wanasheria, watu wenye uwezo. Ilikuwaje wakakaa? Wajuzi naomba mnijuze. Siasa za Gaza za leo tuziweke pembeni, zina nyuzi zake. Nawasilisha.

Kibonge Mtata
Mali mkuu. Mtu ana duka na nyumba ya ghorofa Berlin utamwambia aache vyote aende wapi? Mali iliwaponza.

Mwalimu wa Zamu
Kibonge unapotosha. Mleta uzi, hao watu walikimbia bwana, tena sana. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi laki tano na ushee, hawafiki hata asilimia moja ya wananchi. Vita inaanza Septemba 1939 zaidi ya nusu walishaondoka. Waliobaki wengi ni wazee, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, maana vijana ndo walitangulia kwanza kutafuta maisha ili baadaye wawavute wazazi.

Na hiyo mali unayosema ndo ilikuwa mtego wenyewe. Ukitaka kuhama kulikuwa na kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali yako inaenda serikalini, halafu kinachobaki kinafungiwa kwenye akaunti ambayo huwezi kuigusa, ukitaka ubadilishiwe kwa fedha za nje wanakukata mpaka ikafika 1939 unapoteza kama asilimia 96. Mkononi unaruhusiwa kutoka na maki 10 tu, hiyo ndo pesa yao ya Ujerumani. Sasa wewe ni daktari wa miaka 55, lugha ya huko hujui, cheti chako huko hakitambuliki, mfukoni una maki 10, nchi gani itakupa viza? Kila nchi ilikuwa inatoka kwenye mdororo wa uchumi, hakuna aliyetaka masikini wapya.

Julai 1938 Rais Roosevelt wa Marekani akaitisha mkutano pale Evian, Ufaransa, nchi 32 zikakaa siku kumi kujadili hawa wakimbizi waende wapi. Kila mjumbe anasimama anatoa pole, halafu anasema kwetu pamejaa. Yule wa Australia alisema wao hawana tatizo la ubaguzi wa rangi na hawana hamu ya kuliagiza kutoka nje (na huku Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wanabaguliwa kwao, haya). Jamhuri ya Dominika peke yake ndo ikasema italeta mpaka watu 100,000, mwisho wa siku waliofika wakalowea kule Sosúa ni mia kadhaa tu.

Marekani nayo ilikuwa na kiwango chake, Ujerumani na Austria pamoja watu 27,370 kwa mwaka, basi. Kufikia 1939 kwenye foleni wapo zaidi ya 300,000. Piga hesabu mwenyewe mtu wa mwisho anafikiwa lini. Na hapo bado utafute mdhamini Marekani aape kwa maandishi kwamba atakutunza usije ukawa mzigo wa serikali.

Mchunguzi wa Makorora
Duh. Kwa hiyo Hitler mwenyewe alikuwa anataka waondoke?

Mwalimu wa Zamu
Kipindi hicho ndio, alitaka waondoke na wamwachie kila kitu. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, 1938, masinagogi yakachomwa nchi nzima, wanaume kama 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambi za mateso za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Njia ya kutoka? Mkeo akimbie maofisini alete ushahidi kwamba mnaondoka nchini. Yaani wanawake walikuwa wanashinda balozi kwa balozi kutafuta karatasi moja ya kumtoa mume kambini. Na uharibifu wote ule, Wayahudi wenyewe ndo wakapigwa faini ya maki bilioni moja. Kabla ya hapo, Oktoba, paspoti zao zilishagongwa herufi J nyekundu, na Uswisi ilikuwa na mkono wake kwenye hilo jambo maana walitaka wawatambue haraka mpakani wawarudishe.

Kuna meli inaitwa St. Louis, iliondoka Hamburg Mei 13, 1939 na abiria 937, karibu wote Wayahudi, wana vibali vya kushuka Kuba walivyonunua kwa hela yao. Kufika Havana serikali imeshavifuta. Walioshuka hawafiki hata 30. Meli ikasogea Florida, watu wanaona taa za Miami kwa macho, Marekani ikakataa, Kanada ikakataa. Nahodha Gustav Schröder, Mjerumani, alikuwa anazungusha meli makusudi ili apate muda na hakutaka kabisa kuwarudisha Hamburg. Mwisho wakagawana Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Waliochukuliwa Uingereza karibu wote walipona. Wengine Mjerumani akawafuata huko huko 1940, na katika meli nzima 254 wakaja kuuawa.

Mbeba Box Hamburg
Naishi huku Hamburg, niongezee kidogo kwenye hapo kwa Mwalimu. Huku kwenye lami za mitaani, mbele ya milango ya nyumba, kuna vijiwe vidogo vya shaba vya sentimita kumi kwa kumi, vimeandikwa hapa aliishi fulani, mwaka wa kuzaliwa, alisafirishwa lini na aliuawa wapi. Vingi vya huku vinasema 1941 Minsk au 1941 Riga. Ila vinavyoniuma mimi ni vile vimeandikwa alikimbilia Uholanzi 1938 au 1939, halafu mstari unaofuata Westerbork (kambi ya kupitishia watu huko Uholanzi), unaofuata Auschwitz au Sobibor, kambi za mauaji. Huyo alikimbia mkuu, alivuka boda kabisa, akapanga nyumba, watoto wakaanza shule. Jeshi likamkuta.

Na kitu kingine watu hawakijui, wengi waliouawa hawakuwa Wajerumani hata kidogo. Poland peke yake ilikuwa na Wayahudi milioni 3.3 na kama milioni 3 wakauawa. Hao hawakuwa na miaka nane ya kufikiria, vita iliwakuta asubuhi wako vitandani. Kyiv, Wajerumani waliingia Septemba 19, 1941, siku kumi baadaye matangazo yameshabandikwa ukutani, Wayahudi wote mfike saa mbili asubuhi na vitambulisho, pesa na nguo za baridi. Watu wakajua wanahamishwa maana stesheni ya treni ilikuwa karibu, wengine walidamka mapema wapate nafasi nzuri. Walipelekwa bondeni Babi Yar, siku mbili watu 33,771 wakapigwa risasi.

Simba wa Ukweli
Hizo namba za washindi wa vita tu. Nani alikaa akahesabu 33,771??

Mwalimu wa Zamu
Wauaji wenyewe, ndugu. Hiyo namba imo kwenye ripoti waliyoituma Berlin. Lithuania kamanda Jäger aliandika orodha ya tarehe kwa tarehe, mji kwa mji, wanaume, wanawake, watoto, hadi Desemba 1, 1941 akajumlisha 137,346. Na kuna telegramu ya afisa Höfle ya Januari 1943, Waingereza waliinasa hewani bila kuielewa, ikakaa kwenye makabrasha mpaka mwaka 2000, inajumlisha Wayahudi waliofikishwa kambi nne tu za mauaji huko Poland mpaka mwisho wa 1942, 1,274,166. Hapo mshindi gani wa vita alikuwa ameshika kalamu?

Kiprono wa Eldoret
Huku kwetu pia walikuja wengine. Watu wanajua ile hadithi ya 1903, Waingereza kuwapa Wayahudi ardhi Uasin Gishu, wanaita mpango wa Uganda lakini ni hapa Kenya, wakaikataa 1905 (wazee wetu hakuna aliyewauliza). Lakini 1938 na 1939 kukaja wakimbizi wenyewe sasa, mia kadhaa, wakawekwa mashambani kufanya kazi. Masetla wazungu hawakutaka wawe wengi. Na vita ikianza tu, serikali ya kikoloni ikakamata wanaume wao eti ni raia wa adui. Umemkimbia Hitler, unafungiwa Kenya kama mtu wa Hitler.

Umutoni K
Nimesoma kimya kimya. Hili swali wanatuuliza sana sisi wa Rwanda kuhusu 1994, mbona hamkukimbia. Kizuizi kipo kila kona Kigali, kitambulisho kimeandikwa kabila, utaratibu ulioachwa na Wabelgiji tangu miaka ya 1930. Pale ETO Kicukiro, shule ya ufundi, watu zaidi ya 2,000 walikuwa wameshakimbia, walikimbilia kwa askari wa UN. Aprili 11 askari wakapanda magari wakaondoka, na wengi wakauawa siku hiyo hiyo.

Mchunguzi wa Makorora
Dah, pole sana dada Umutoni. Mwalimu, swali la mwisho, hivi hakukuwa na hata sehemu moja unaingia bila viza?

Mwalimu wa Zamu
Shanghai. Bandari ilikuwa chini ya mataifa kadhaa, hakuna aliyekuwa anakagua viza ukishuka melini, tatizo nauli na kibali cha kutoka tu. Wakafika 17,000 na zaidi. Vienna balozi mdogo wa China, Ho Feng-Shan, aligonga viza za Shanghai kwa wingi, bosi wake Berlin amemkataza, kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa inatosha kumtoa mtu Dachau hata kama hatafika China. Mwaka 1943 Wajapani wakawakusanya kwenye mtaa mmoja, Hongkew, chumba kimoja familia mbili tatu, njaa na homa, Julai 1945 bomu za Wamarekani zikaangukia hapo. Ila wengi walipona, baada ya vita wakatawanyika Marekani, Australia na Israeli.