Kushusha uzito kwa ajili ya pambano la ngumi bila nyama, mayai wala maziwa: naomba ushauri

Wakuu, bondia wa kilo 74 anatakiwa apime 70 baada ya wiki 8, na anakula vya mimea tu. Nusu kilo kwa wiki inawezekana; kinachosumbua ni protini. Gramu 2 kwa kila kilo ya mwili ni 148 kwa siku. Maharage yaliyopikwa yana gramu 9 hivi katika kila gramu 100, hivyo ukiyategemea peke yake utakula zaidi ya kilo moja na nusu: kalori zinapita 2,000 na tumbo linajaa gesi mazoezini. Tofu na unga wa protini ya soya vinapunguza mzigo. (Vidonge vya vitamini B12, ambayo mlo wa mimea hauitoi, ni lazima.)

Nyuzinyuzi, ambazo huongeza mzigo tumboni, zipunguzwe siku ngapi kabla ya kupima uzito, 2 au 4? Na kreatini (kirutubisho cha kuongeza nguvu za misuli) iachwe lini, maana inashika maji mwilini?